Mtoto Asitajiwe Setilaiti Asiyoweza Kuiona

Kundi letu la wazazi lilisambaziwa video ya mwalimu mmoja wa hapa Masaka akiwaonyesha wanafunzi nuru iliyokatiza angani na kuwaambia kwamba ile ndiyo setilaiti ya Uganda, PearlAfricaSat-1. Watoto walishangilia, nami niliumia. Nia yake ilikuwa njema, sikatai, lakini setilaiti hiyo, ambayo wahandisi wetu Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke waliiunda Japani na ambayo ilirushwa Novemba 2022, ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande, na hakuna jicho la mwanadamu lililoweza kukiona kutoka ardhini bila darubini. Nuru kali kiasi kile, isiyomweka, inayotoka kusini-magharibi na kuzimikia mashariki, yaelekea ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, makazi ya wanaanga yanayoizunguka dunia, yenye urefu wa mita 109.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo lenyewe lilikuwa pale pale, likaachwa. Setilaiti haina taa. Tunaiona kwa sababu jua bado linaimulika huko juu wakati sisi tumeshaingia gizani. Hapa ikweta jua huzama karibu wima, na machweo hayabadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo kitu kinachopita yapata kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, kama kituo hicho, huingia katika kivuli cha dunia yapata saa moja na robo baada ya jua kuzama. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako mwezi Juni setilaiti huweza kuonekana usiku kucha, hayatufai. Ukiona nuru ikipita utosini saa nne usiku, tafuta jibu jingine: ndege humwekamweka, na kimondo hakimalizi hata sekunde chache.

Programu za simu zinazotaja setilaiti zinazopita angani zinasaidia, nakubali, ila nyingi huorodhesha hata setilaiti zisizoonekana kwa macho, na mtoto asiye na kumbukumbu yoyote mkononi atachagua jina linalompendeza. Kwanza aandike daftarini: saa 1:42 usiku, imetokea kusini-magharibi, haikumweka, imefifia taratibu kabla ya kufika upeo wa mashariki. Akishaandika hayo, ndipo afungue simu na kulinganisha saa na njia.