Riwaya ianze kwa kishindo, imalizike kwa fumbo?

Waandishi chipukizi huambiwa kwamba ukurasa wa kwanza sharti umkamate msomaji papo hapo: maiti mlangoni, mlio wa risasi, harusi inayovunjika. Ushauri huu una mizizi ya kale, kwani Horace, mshairi wa Kirumi, alimsifu Homer, mshairi wa Kigiriki, kwa kumtumbukiza msikilizaji katikati ya mambo. Wanaoutetea wana hoja, maana msomaji hana deni lolote kwa mwandishi asiyemjua, na taharuki ndiyo humfungulisha ukurasa wa pili.

Hata hivyo, maiti isiyo na jina haimlizi mtu. Mwandishi aliyetanguliza kishindo kabla hatujamfahamu mhusika hulazimika, afikapo sura ya pili, kukimbilia mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma katika kisa, ili aeleze marehemu alikuwa nani, na kasi yote aliyoipata kwa damu hupotea hapo. Naona mwanzo wa taratibu hauchoshi maadamu umebeba swali. Mwanamke aishiye peke yake ambaye kila asubuhi huosha vikombe viwili anatosha kutushika.

Mwisho ni mgumu zaidi. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alisema aliuandika upya ukurasa wa mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms mara 39. Charles Dickens wa Uingereza naye, mwaka 1861, aliubadili mwisho wa riwaya yake Great Expectations kwa ushauri wa mwandishi mwenzake, Edward Bulwer-Lytton: katika ule wa awali Pip, msimulizi wa kisa, na Estella, mwanamke anayempenda, hukutana kidogo tu barabarani na kuachana, ilhali katika uliochapishwa wanatoka bustanini wameshikana mikono. Mtu anaweza kusema kwamba msomaji aliyewafuata wawili hao toleo baada ya toleo gazetini alistahili faraja. John Forster, aliyeandika wasifu wa Dickens, aliona kwamba mwisho wa awali ndio uliolingana na mwelekeo wa kisa, nami nakubaliana naye, kwa kuwa riwaya nzima inahusu matumaini yaliyojengwa juu ya udanganyifu.

Lakini sitaubeza ule wa pili. Si mwisho wazi, yaani usiofunga kisa, wa kivivu, ule ambao mwandishi huuacha kwa sababu hata yeye hajui alichouliza. Pip anasema tu kwamba hakuona kivuli cha kutengana tena, na kutoona kwake, baada ya yote aliyokwisha kushindwa kuyaona tangu sura ya kwanza, si ushahidi kwamba kivuli hakikuwepo.