Mpira wa shingoni si wa kutisha hivyo

Mwandishi wa makala ya kupandikiza ini ametutia hofu na hayo maneno yake, eti mgonjwa "anatobolewa shingo". Mimi ni muuguzi wa dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine) hapa Kampala, mipira ya shingoni, ile mirija inayoingizwa kwenye mshipa, naiona kila siku. Kwenye kupandikiza ini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni ukibanwa, damu ya miguuni hutolewa kwa mpira wa kinenani, pampu huisukuma na kuirudisha kupitia shingoni. Zamani, ili kuingiza mipira hiyo, walipasua kinena na kwapa, vidonda vikatunga usaha, maji ya limfu yakavuja. Sasa ni sindano, waya, kisha kipanuzi, kile cha kupanua tundu ili mpira upite. Hicho kipanuzi ndicho nakiogopa mimi: waya ukijikunja, kinatoboa mshipa na damu inajaa kifuani. Kwa hiyo altrasaundi, ya kuona mshipa ulipo, ni lazima.

Niliwahi kuona daktari akichoma, damu nyekundu ikaruka kwa midundo badala ya ile nyeusi inayochuruzika. Ateri hiyo, mshipa unaotoa damu moyoni! Alichomoa sindano, akabonyeza dakika kumi. Angeshaingiza mpira mnene, wee!

Halafu wapasuaji wengi siku hizi hawaubani wote ule mshipa mkubwa wa kurudisha damu moyoni, hata pampu haihitajiki. Hapa nchini kupandikiza figo tulianza Hospitali ya Mulago mwaka 2023. Wa ini bado tunawasindikiza Entebbe kupanda ndege ya India.