Nguo za Paracas: zirudi kwao, au zisiguswe?

Kuanzia mwaka 1927 timu ya mwanaakiolojia Julio C. Tello ilifukua mafurushi 429 ya maiti katika rasi ya Paracas, pwani ya kusini mwa Peru. Wakubwa wa jamii hiyo ya kale walizikwa wameviringishwa nguo juu ya nguo, na ukame wa jangwa ukazitunza kwa takribani miaka 2,000. Tello alipopoteza wadhifa wake, makaburi yalikosa ulinzi, waporaji wakaingia. Katika miaka ya 1930 baadhi ya nguo zikafika kwa magendo mjini Gothenburg, Uswidi. Peru ilizidai, na mwaka 2014 nguo nne za kwanza kati ya 89 zilirudi. Zilizobaki zikapangiwa kurudi hatua kwa hatua hadi 2021.

Wahifadhi wa makumbusho waliokuwa na hofu ya kuzisafirisha hawakuwa wakitafuta kisingizio. Sufu ya umri huo hukatika kama nyasi kavu, na mtikisiko wa gari au ndege unatosha kuiumiza.

Tena ni nguo ya namna gani! Mfumaji wa Andes alifunga ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, kwenye mti na ya pili kwenye mkanda kiunoni mwake; akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akisogea mbele zinalegea. Nguo ilitoka kwenye kitanda cha kufumia na pindo zake nne kamili, bila mkasi kupita. Kisha wadarizi wakaijaza kwa sufu watu wanaoruka, watu wenye vinyago na ndege, umbo lile lile likirudiwa mara kadhaa, kila mara kwa mpangilio mwingine wa rangi. Jeraha la kazi kama hiyo halitibiki.

Hata hivyo, mimi nasimama na Peru. Kwanza ziliibwa, na udhaifu wa mali haumgeuzi aliyenayo kuwa mwenyewe. Pili, milimani karibu na Cusco, Chinchero kwa mfano, wanawake bado wanafuma kwa mkanda ule ule wa kiunoni. Mtu anayetaka kujua uzi ulipita wapi huigeuza nguo aone nyuma yake, na picha haigeuzwi.

Ila hofu ya wahifadhi ifuatane na nguo hadi Lima: zilazwe bapa, gizani, na maonyesho ya nchi za nje yaombe nyingine zilizo imara zaidi.