Kisiwa kinachosahau
Kuna makala niliyoikuta inayoisoma riwaya ya mwandishi wa Japani Yoko Ogawa ya mwaka 1994, The Memory Police, ile ya kisiwa ambamo vitu hutoweka kimoja baada ya kingine pamoja na kumbukumbu zake, kana kwamba ni hadithi ya udikteta tu, na kwa maoni yangu usomaji huo unakiacha nje kiini chake. Msimulizi, mwandishi wa riwaya ambaye baba yake alikuwa mtaalamu wa ndege, siku ndege wanapotoweka anamwona mmoja angani na moyo wake hautikisiki hata kidogo (hapo niliweka kitabu chini kwa muda). Hajatengwa na majirani, kwa kuwa nao wamesahau kama yeye. Ametengwa na nafsi yake mwenyewe. Hamu ya yaliyopita inabaki kwa mhariri wake, ambaye msimulizi amemficha katika chumba cha siri, na ambaye anakumbuka kila kitu.