Kivuli Kwake, Mizizi Kwangu

Mwenzenu nina choo kinachoongea. Ukimwaga maji kinanguruma kwanza, kama mzee aliyeamshwa usingizini, kinatoa mapovu mawili matatu, halafu maji yanapanda badala ya kushuka. Na tundu la bafuni nalo linaitikia. Unabaki umeshika ndoo, unasikiliza mazungumzo yasiyokuhusu.

Kwa akili zangu nikajua shimo limejaa. Nikaita gari la kunyonya maji taka. Likaja mchana kweupe, likaegesha mlangoni, mtaa mzima ukapata habari zangu za ndani. Nikalipa sh. 120,000. Jioni mama watoto akamwaga maji, choo kikanguruma vilevile, safari hii kwa dharau.

Ndipo nikamtafuta fundi bomba. Akafunua chemba, akaingiza waya, akasukuma weee, ukagota. Wakauvuta yeye na kijana wake kama wavuvi wa kokoro. Likatoka dude refu kama mkono wangu, jeusi, lina singa kama mkia wa ng'ombe, limekumbatia mafuta ya kupikia, karatasi, na soksi ya shule ambayo mwanangu niliwahi kumgombeza siku mbili kwa kuipoteza.

"Bosi, huu mzizi," fundi akasema.

Mzizi? Mimi kwangu sina mti, nina mchicha kwenye ndoo iliyopasuka. Tukageuka wote watatu kutazama ukuta. Ng'ambo ya pili umesimama mwarobaini wa jirani yangu, mwalimu mstaafu, umenawiri kiangazi kizima kama uko kando ya mto. Miaka yote najua mwalimu anaumwagilia. Kumbe mmwagiliaji ni mimi na familia yangu, asubuhi na jioni, bila mshahara.

Fundi akanipa somo. Bomba zima lisilo na ufa mzizi hauliwezi. Unafuata unyevu unaovuja kwenye maungio, unapenya ukiwa mwembamba kama uzi, ukishakuta maji na mbolea humo ndani unanenepa na kuita ukoo wote. Tukachimba mpaka kwenye ungio lenyewe. Hapo naomba msiniangalie. Mwaka 2014, wakati najenga, gundi ilimwishia fundi wa siku hizo, nami nikamwambia afunge kwa mfuko wa rambo, kwani nani ataona? Mifuko hiyo serikali ikaja kuipiga marufuku mwaka 2019, wa kwangu ukaendelea na kazi chini ya ardhi.

Lakini hilo la mfuko sikumwambia mwalimu. Nilikwenda kwake na kesi moja tu, ya mti. Nikamkuta kivulini, anacheza bao na wenzake, upepo mwanana.

"Shikamoo mwalimu. Mti wako umeingia chooni kwangu."

"Marahaba. Mti wangu si huu hapa? Umehama lini?"

Wenzake wakacheka. Nikamweleza habari za mzizi. Akapanga kete zake taratibu, kisha akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu ya kujumlisha. "Jirani, mizizi iko mingi. Utajuaje ni ya mwarobaini? Mwarobaini unajulikana kwa uchungu. Umeuonja?"

Nikarudi nyumbani nimevimba. Fundi alitaka kulitupa lile dude, nikamkataza: hicho ni kidhibiti, kinakwenda kwa mjumbe. Nikalimwagia ndoo mbili za maji, nikalianika juu ya ukuta. Fundi akakata kipande kibovu, akaweka bomba jipya la inchi 4, safari hii kwa gundi. Nikamuuliza habari za mrututu, ule wa bluu wa wakulima wa kahawa, maana nimesikia unaua mizizi. Akasema unaua kweli, ila ukiuzidisha unaua na wale wadudu wanaoozesha uchafu shimoni, kisha nitaliita tena lile gari. Nikakumbuka sh. 120,000, nikanyamaza.

Sasa jasho, matope na hasira vikanilaza. Usiku homa, meno yanagongana. Bahati nzuri mama mkwe yupo, amekuja kutusalimia, na mambo ya dawa anayajua. Asubuhi akaniletea kikombe kinafuka moshi.

"Kunywa, baba. Usionje onje, bugia."

Nikabugia. Jamani! Ulimi ukafa ganzi, machozi yakanitoka.

"Mwarobaini huo," akasema kwa fahari. "Watu wanahangaika na majani, mimi nimekuchemshia mizizi yenyewe. Nyumba hii mna neema, mizizi mizuri namna ile mnaiacha ukutani inapigwa na jua!"

Nimepona homa. Sasa hivi navaa viatu, nakwenda kwa mwalimu. Ushahidi sina tena, lakini lile swali lake naweza kulijibu.