Unga wa kunde maabara: ufike shuleni, hospitali je?

Media ya kawaida, yaani chakula cha kuoteshea bakteria maabara, haina mengi: kwa lita moja ya maji, peptoni (protini iliyomeng'enywa) gramu 5, dondoo ya nyama gramu 3, chumvi gramu 5 na agari (kigandishi kitokanacho na mwani) gramu 15. Maabara zetu nyingi huagiza karibu vyote nje ya nchi, isipokuwa chumvi. Ndiyo maana watafiti wamejaribu unga wa kunde au soya badala ya peptoni, na wanga wa muhogo badala ya agari.

Shuleni na vyuoni naunga mkono kabisa. Mwanafunzi anayehitimu biolojia bila kuona koloni, kundi la bakteria lionekanalo kwa macho, hata moja amenyimwa haki yake, na sufuria ya presha inayofika nyuzi 121 hutakasa media vizuri kwa dakika 15. Agari yenyewe ilitoka jikoni: mtafiti wa bakteria Robert Koch alihangaika na vipande vya viazi, kisha jelatini iliyoyeyuka kwenye joto la mwili, hadi mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mtafiti wa maabara ya Koch, alipopendekeza agari aliyokuwa akipikia. Muhogo una kasoro moja kubwa, kwamba bakteria kama Bacillus hutoa amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, wakaula wanga na kuacha majimaji. Agari huweza kuliwa na bakteria wachache mno.

Hospitalini mambo hubadilika. Kipimo cha usugu wa dawa hutumia agari ya Mueller-Hinton, media maalumu ya kipimo hicho, yenye kina cha milimita 4 na pH kati ya 7.2 na 7.4. Thimidini, kijenzi cha DNA, ikizidi kwenye media, bakteria anayeuawa na dawa ya Septrini huonekana sugu. Kalsiamu na magnesi zikipanda au kushuka, jibu la dawa ya gentamisini kwa bakteria Pseudomonas hupotoka. Kunde hubadilika kwa udongo na msimu. Nani atajua gunia hili lina nini?

Wanaotetea media za kunde wana hoja nzito: pasipo media ya bei nafuu, hospitali nyingi hazioteshi bakteria kabisa, na daktari hubaki kubahatisha. Ni kweli, na inaumiza. Lakini jibu la uongo lenye muhuri wa maabara ni hatari kuliko kukosa jibu, kwa sababu daktari hulifuata bila kusita.

Anayetaka kunde zipite mlango wa hospitali aanze na Escherichia coli ATCC 25922, bakteria wa rejea ambaye vipimo vyake vinajulikana, na arudie kwa kila gunia jipya. Gharama ya upimaji huo nayo iingizwe kwenye bei kabla ya kuiita nafuu.