Ampli ya okazi ya miaka 25: kununua ao kuacha?

Kwaya moja ya huku Goma iko na dola 1,200, inataka kununua ampli (mashini ya kukuza sauti) ya okazi, yenye ilishatumika, yenye ilitoka Bulaya, ya miaka 25. Nusu ya kamati inasema "ya zamani njo solide", nusu ingine inasema ni kununua maiti. Mi naona banabishana juu ya miaka, wakati miaka si yenyewe inaua mashini.

Chenye kinazeeka mbele ni kondasateri, zile mikebe midogo ya kuchunga kurani (umeme). Fabrike inaweza kuandika saa 2,000 kwa digri 105, unaona ni kidogo sana, lakini kila ukishusha joto digri 10 maisha yake inaongezeka karibu mara mbili, kwa digri 65 inafika saa 32,000. Sasa ampli yenye ilikaa kwa salo ya mzee mumoja wa Ubelgiji na yenye ilipiga disko kila wikendi ndani ya sanduku, hata kama zote ni za mwaka mumoja, haziko na umri mumoja. Na kuiweka depo miaka 10 bila kuwasha si kuichunga, siku unaichomeka gafla ndiyo kondasateri inaweza kupasuka.

Bale ba "solide" pia bako na haki: makosa ya fabrike inajionyesha mapema, yenye imefika miaka 25 ilishapita pale. Tena ukiifungua unaona transista na macho, fundi wa Birere, hapa Goma, anatoa ya kufa anasude ingine. Meza ya dijitali ya kuchanganya sauti, ya miaka 12, chipu yake ikikufa, utaitoa wapi? Mi ningeogopa ile zaidi, hata kama inang'aa.

Ila vumbi yetu nyeusi ya volkano inaingia na ventilateri, inafunika radiateri (chuma ya kupoza transista), joto inapanda, na tunarudia kwa ile hesabu ya digri 10. Kurani nayo inapanda inashuka vile inataka. (Na muangalie nyuma: ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, kwa 220 yetu bila transfo ni moshi.)

Mi ningetoa 800, 400 ibakie ya kondasateri mpya na regilateri ya kutuliza kurani. Iwashwe kwa muda wa saa mbili, bila muziki, ikivuma mmmm mara nyingi ni kondasateri za filtre (zenye zinasafisha kurani) zimechoka, bei ishuke tena. Lakini muuzaji akisema "leo hakuna kurani, lipa, utajaribia nyumbani", hapo mi natoka bila hata kubishana.